Supu ya taco kwa vitu vya soko la Mgandini

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mkazi wa Makorora, hapa Tanga. Wifi yangu anayeishi Marekani alitutumia maelekezo ya supu wanayoiita supu ya taco, kwa jina la mkate mwembamba wa mahindi wa Kimeksiko unaokunjiwa nyama, nami nikaipika Jumamosi iliyopita. Maelekezo yalitaka nyama ya kusaga, makopo mawili ya maharage, kopo la mahindi, makopo mawili ya nyanya, pakiti ya viungo vya taco, vijiko viwili vikubwa vya pilipili ya unga, na jibini la kunyunyizia juu. Pakiti ya viungo sikuipata, nikatia pilau masala. Makopo peke yake yalimeza pesa ya matumizi ya siku tatu. Supu ilipoiva watoto walishindwa kuila kwa ukali wa pilipili, na mume wangu akasema hiyo ni pilau iliyokosa mchele. Je, supu hii inaweza kupikwa kwa vitu vya sokoni kwetu, kwa gharama ya kawaida, ikabaki na ladha yake? Baba mkwe ninayeishi naye ana presha, kwa hiyo naomba unieleze pia kuhusu chumvi.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Supu hiyo inapikika bila kopo hata moja, na vitu vyake karibu vyote unavinunua Mgandini kila wiki kwa ajili ya mapishi mengine. Mume wako alikuambia jambo la maana kuliko alivyodhani, kwa hiyo nitaanza na maneno yake, kisha nije kwenye pilipili iliyowaliza watoto, kwa sababu makosa hayo mawili yana chanzo kimoja: viungo.

Kiungo kinachoipa supu ya taco harufu yake ni binzari nyembamba, ile ambayo wengi wetu tunaiita binzari ya pilau. Pua ya mtu wa pwani ikikutana na harufu hiyo kwenye sufuria lenye nyama na vitunguu, jambo la kwanza inalolifikiria ni pilau, na hapo hakuna ubaya. Tatizo ni kwamba pilau masala ya pakiti ina mdalasini, iliki na karafuu ndani yake, na hivyo vitatu ndivyo vinavyoifanya pilau iwe pilau. Vikiingia kwenye supu hii, hata kwa kiasi kidogo, hakuna ndimu wala nyanya itakayoweza kuvifunika. Siku ukipika tena, nunua binzari nyembamba nzima isiyochanganywa na kitu, na uviache kabatini hivyo vingine vyote, hata kama mkono unakuwasha.

Kuhusu pilipili, wifi yako hakukudanganya. Unga unaouzwa Marekani kwa ajili ya mapishi ya namna hii ni mchanganyiko: pilipili kubwa nyekundu zisizo kali, zilizokaushwa na kusagwa, zikatiwa binzari nyembamba, kitunguu saumu kikavu na majani makavu ya kiungo kiitwacho oregano. Mchanganyiko huo ulianza kuuzwa madukani huko Texas katika miaka ya 1890, na mmoja wa waliouanzisha ni William Gebhardt, mhamiaji wa Kijerumani aliyekuwa na mgahawa katika mji wa New Braunfels. Mpishi wa Kimarekani anapotia vijiko viwili vikubwa vya unga huo, anatia rangi, harufu na utamu wa pilipili, na ukali unaokuja nao ni mdogo. Pilipili ya unga ya sokoni kwetu kwa kawaida ni pilipili kali tupu, iliyosagwa pamoja na mbegu zake. Vijiko viwili vya unga huo vingemshinda hata mtu mzima aliyezoea achari.

Ni vizuri pia ujue unapika chakula gani, maana ukikijua hutakiogopa. Supu ya taco ni chakula cha majumbani kusini mwa Marekani, hasa Texas, kilichobuniwa kwa kuchukua vionjo vya taco za Kimeksiko na kuvitia katika sufuria moja la maharage na nyama. Mahindi, maharage, nyanya na pilipili asili yake ni Meksiko na sehemu nyingine za Amerika, na vilianza kufika pwani ya Afrika Mashariki baada ya Wareno kuingia katika bahari hii. Vilipofika tukavifanya vyetu kiasi cha kusahau kwamba vilikuja. Mahindi na maharage katika sufuria moja yanajulikana Lushoto, Korogwe na Handeni kote kwa jina la makande. Ukiweza kupika makande, sehemu kubwa ya kazi ya supu hii unaijua tayari, na kilichobaki ni viungo, ukaangaji wa nyama, na uchachu wa mwisho.

Pakiti uliyoikosa haina siri yoyote. Kwa kawaida ina uzito wa gramu 28 hivi na imekusudiwa nyama ya gramu 450, na ndani yake mna ule unga wa pilipili nilioueleza, binzari nyembamba, vitunguu vilivyokaushwa, chumvi nyingi, na wanga wa mahindi wa kuufanya mchuzi uwe mzito. Kwa familia ya watu sita hadi wanane, chukua vijiko viwili vya chai vilivyojaa vya binzari nyembamba, kijiko kimoja cha chai cha mbegu za giligilani, na nusu kijiko cha pilipili manga nzima. Pilipili manga ikiwa ya Amani, Muheza, ni bora zaidi, kwa kuwa haijasafiri mbali wala kukaa sana. Viweke vyote kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, na usiondoke jikoni. Binzari itaanza kubadilika kutoka rangi ya majani makavu hadi kahawia, na mara hiyo hiyo harufu itapanda ghafla. Hapo epua na umimine kwenye sahani, kwa sababu kikaango chenye joto kitaendelea kuikaanga, na binzari iliyoungua huleta uchungu usiotoka. Zikipoa, zitwange kwenye kinu kidogo. Unga ulio tayari unatumika pia ukiwa huna muda, ila uukaange kidogo ndani ya mafuta pamoja na vitunguu, usiutie kwenye maji moja kwa moja. Oregano usihangaike nayo. Ni kweli ipo katika maelekezo mengi, lakini ukiikosa, giligilani mbichi itakayotiwa mwishoni itaziba pengo lake kwa kiasi cha kutosha.

Sasa lipo pengo la ile pilipili tamu isiyo kali, na hilo ndilo linalowashinda wapishi wengi wa huku, kwa sababu hakuna unga wa dukani kwetu unaoliziba kwa bei nafuu. Njia yangu ni pilipili hoho nyekundu zilizochomwa. Nunua tatu zilizoiva kabisa. Hata zile zilizoanza kulegea, ambazo muuzaji huzitenga pembeni na kuziuza kwa bei ya chini, zinafaa, ilimradi hazijaoza. Ziweke juu ya makaa yenyewe, au juu ya moto wa gesi ukiwa huna jiko la mkaa, ukizigeuza kwa koleo mpaka ngozi yote iwe nyeusi na ianze kupasuka na kutoa majimaji. Usiogope weusi huo, kwa kuwa ni wa ngozi tu. Zitie kwenye bakuli na uzifunike kwa sahani kwa dakika 10, ngozi italegea kwa mvuke wake mwenyewe, kisha ikwangue kwa vidole. Usizioshe kwa maji ya bomba, kwani utaosha moshi na utamu uliokuwa unautafuta. Vijipande vichache vyeusi vikibaki havidhuru. Toa mbegu, kisha uziponde pamoja na punje sita za kitunguu saumu mpaka upate rojo jekundu zito. Rojo hilo ndilo litakaloifanya supu yako isifanane na mchuzi wa kila siku, na hakuna kitu katika maelekezo haya ambacho ningekushauri usikiruke kama hiki.

Tuje kwenye maharage, maana hapo ndipo pesa yako ilipopotelea. Kopo la kawaida la gramu 400 likimwagwa maji yake hubaki na maharage ya gramu 240 hivi. Nusu kilo ya maharage makavu, ikilowekwa na kuchemshwa, hutoa zaidi ya kilo moja na robo, yaani sawa na makopo matano. Linganisha mwenyewe bei ya nusu kilo ya maharage Mgandini na bei ya makopo matano katika duka lolote la mjini, na hutahitaji mwalimu wa hesabu. Aina yoyote ya maharage mekundu au ya mabaka itafaa. Muulize muuzaji kama ni ya msimu huu, na usione haya kuuliza. Katika joto na unyevu wa Tanga, maharage yaliyokaa ghalani miezi mingi hubadilika ndani na kugoma kuiva, na unaweza kuyachemsha mchana kutwa ukamaliza mkaa wenye thamani kuliko maharage yenyewe. Yaliyozeeka mara nyingi huwa na rangi iliyofifia au kuwa nyeusi zaidi, na yana mikunjo.

Yaloweke usiku kucha, umwage maji hayo, kisha uyaweke kwenye maji mapya na uyachemshe kwa nguvu, maji yakitokota hasa, kwa dakika 10 hadi 30 za mwanzo kabla ya kupunguza moto. Hilo nakusisitizia kwa sababu ya usalama: maharage mekundu yana sumu ya asili iitwayo lektini, ambayo huharibiwa na mchemko mkali, wala haiharibiwi vizuri na moto mdogo wa muda mrefu. Anayepika maharage ambayo hayajachemka sawasawa huweza kutapika na kuharisha ndani ya saa chache. Baada ya hapo moto mdogo unatosha, ukifunika sufuria. Ukiwa na sufuria la presha, litumie, litakuokolea mkaa mwingi.

Nyanya, ndimu na kitu chochote kichachu visiyafikie maharage kabla hayajaiva kabisa, yaani kabla haragwe halijabonyea kati ya vidole viwili bila kuacha kiini kigumu. Uchachu huzuia ngozi na nyama ya haragwe kulainika, na haragwe lililokutana na nyanya mapema litabaki na ukakasi hata ukiongeza saa nyingine nzima. Maji ya kisima nayo huchangia. Visima vingi vya ukanda wetu vimechimbwa katika mawe ya matumbawe, na maji yake hubeba chokaa inayofanya kazi ile ile ya kukaza maharage. Ukiweza, tumia maji ya bomba au ya mvua. Wapo wanaotia magadi. Yanalainisha, sikatai, lakini huacha ladha inayokaribia sabuni, hupunguza vitamini, na huongeza sodiamu, ile ile iliyomo kwenye chumvi, ambayo baba mkwe wako haihitaji. Maji yaliyochemshia maharage usiyamwage, kwa kuwa ndiyo yatakuwa msingi wa supu yako.

Mahindi ni rahisi zaidi. Ukipata mabichi, nunua magunzi matatu, pukusua punje kwa kisu, na magunzi yenyewe uyatumbukize kwenye sufuria pamoja na maharage yanayochemka, yatoe utamu wake, kisha uyatupe. Kumbuka kwamba mahindi yetu ya kuchoma yana wanga mwingi kuliko yale matamu ya kopo. Yanahitaji dakika 20 au zaidi kwenye supu, wakati ya kopo yangetosheka na dakika tano. Msimu wake ukiwa umepita, tumia mahindi makavu yaliyokobolewa, kama yale ya makande, uyaloweke pamoja na maharage na kuyachemsha pamoja.

Nyama. Robo kilo inatosha, kwa kuwa maharage ndiyo yatakayoshibisha na nyama kazi yake ni kukoleza. Ukiwa na uwezo tia nusu kilo, zaidi ya hapo ni kujionyesha. Nenda kwa muuza nyama umwonyeshe kipande unachokitaka, akisage mbele yako, kwa sababu nyama iliyokwisha kusagwa huwezi kujua imetoka wapi, ina mafuta kiasi gani, wala imekaa tangu saa ngapi. Kipande cha bei ya chini chenye mafuta kidogo kinafaa kabisa. Mashine ikiwa haipo, ikatekate kwa kisu kikali mpaka iwe punje ndogo. Binafsi naipenda zaidi hivyo, ina kitu cha kutafuna.

Hapa nitakuomba uvunje mazoea yetu. Wengi wetu huichemsha nyama kwanza na tangawizi na chumvi, ndipo tukaikaanga. Kwa supu hii nyama haichemshwi. Pasha sufuria pana lenye vijiko viwili vya mafuta ya alizeti mpaka mafuta yawe membamba na yaanze kutetemeka, tandaza nyama, na uiache bila kuikoroga. Mwanzoni itatoa maji na utasikia mlio wa kitu kinachotokota. Hiyo bado ni nyama inayochemka. Vumilia. Maji yakikauka mlio hubadilika, unakuwa wa kupasukapasuka kama wa kukaanga dagaa, na chini ya sufuria unaona utando wa kahawia umeanza kushika. Sasa ndipo uigeuze, uiache tena, na uendelee hivyo mpaka nusu ya nyama iwe kahawia iliyoiva. Utando ule ulioshika usiudhanie ni uchafu wala kuungua. Ndani yake mna ladha ambayo watengenezaji wa vile vidonge vya mchuzi wanajaribu kuiiga, na wewe utaipata bure.

Nyama ikishakolea rangi, tia vitunguu maji viwili vikubwa vilivyokatwa vidogo. Maji ya vitunguu yatalegeza utando, nawe uukwangue kwa mwiko wa mti. Vitunguu vikilainika, tia viungo vyako vilivyotwangwa, koroga kwa dakika moja, kisha rojo la hoho na kitunguu saumu. Halafu nyanya: sita au saba zilizoiva, zilizoparuzwa, ukiacha ganda mkononi. Kaanga mpaka nyanya zikauke na mafuta yajitenge pembeni, kama ufanyavyo kwenye mchuzi wowote mzuri. Nyanya zikiwa ghali au changa, tumia chache na uongeze kijiko kimoja cha nyanya ya kopo. Kopo dogo la namna hiyo halitakufilisi.

Mimina maharage na mahindi pamoja na maji yake, uongeze maji ya moto ikihitajika, kiasi cha lita mbili kwa jumla. Chukua upawa mmoja wa maharage, uyaponde na kuyarudisha, supu ipate uzito. Kisha kuna jambo moja dogo ambalo huwezi kulikuta katika maelekezo ya makopo. Kaanga kijiko kimoja kikubwa cha unga wa mahindi kwenye kikaango kikavu mpaka utoe harufu kama ya mahindi ya kuchoma, uukoroge na maji baridi, na uutie kwenye supu ukikoroga. Harufu ya mkate wa mahindi ni nusu ya ladha ya taco, na kijiko hicho kitaileta kwa gharama ambayo hutaihisi.

Kwa upande wa ukali, tumbukiza pilipili mbuzi moja nzima, yenye kikonyo chake, isiyo na jeraha, iachie harufu ikielea juu kama tunavyofanya kwenye wali wa nazi au mchuzi wa samaki. Iondoe kwa uangalifu kabla ya kupakua, na usikoroge kwa fujo ikiwa bado imo. Watoto watapata harufu bila moto, na mume wako, kwa kuwa ana maneno, umwekee pilipili ya kukamua pembeni. Iache supu itokote kwa moto mdogo kwa dakika 25, bila kufunika kabisa.

Najua mtu wa Tanga akifika hapa atalitazama nazi. Usitie tui. Chakula kitakachopatikana kitakuwa kitamu, sina shaka, lakini tui litazima uchachu na harufu ya binzari, na utakuwa umepika maharage ya nazi yenye nyama ndani yake, ambayo ulikuwa unajua kuyapika kabla ya wifi yako hajakuandikia.

Ukishaepua, kamua ndimu mbili ndani ya sufuria na utie giligilani mbichi iliyokatwakatwa. Ndimu isichemke, kwa kuwa harufu yake hupotea na kubaki uchachu mtupu. Onja kabla na baada ya kuitia, utaona jinsi vionjo vingine vyote vinavyojitokeza ghafla. Badala ya jibini na ile krimu chachu wanayoiweka Wamarekani, chukua mtindi, nasi watu wa Tanga tuna bahati kwamba mtindi wa Tanga Fresh unatengenezwa hapa hapa mjini. Umimine kwenye kitambaa safi, uning'inize kwa saa mbili ndani ya friji au mahali penye ubaridi, maji yake yachuruzike na ubaki mzito, kisha kila mtu awekewe kijiko kimoja katika bakuli lake. Usiutie kwenye sufuria lililo motoni, kwani utakatika. Maelekezo mengine ya Kimarekani hutaka pia unga wa pakiti wenye maziwa chachu, vitunguu na kitunguu saumu. Mtindi huo huo unatosha badala yake. Parachichi likiwa katika msimu, vipande vichache juu vinapendeza.

Kinachobaki ni kitu cha kutafuna kinacholia mdomoni, kwa kuwa wenzetu huweka vipande vya mkate wa mahindi vilivyokaangwa. Unga wetu wa sembe peke yake hautashikana ukisukumwa, kwa sababu mahindi ya mkate wa Kimeksiko huchemshwa kwanza na chokaa kabla ya kusagwa, na chokaa hiyo ndiyo inayoufanya unga uvutike. Dawa yake ni kuchanganya sembe na unga wa ngano kwa vipimo sawa, uukande kwa maji ya moto, uusukume mwembamba kadiri unavyoweza, ukate pembe tatu na kuzikaanga. Siku ya haraka, chapati ya jana iliyokatwa utepe utepe na kukaushwa kwenye kikaango itafaa, au muhogo uliokatwa mwembamba na kukaangwa mpaka ukakauka.

Kuhusu chumvi ya baba mkwe, Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani karibu kijiko kimoja cha chai, kutoka katika vyakula vyote alivyokula siku hiyo. Pakiti za viungo, vidonge vya mchuzi na maharage ya kopo vyote huja na chumvi yake, na kwa njia hii umekwisha kuviepuka. Pika supu yote bila chumvi mpaka mwisho, pakua bakuli lake kwanza, umkamulie ndimu zaidi na umwongezee giligilani, kisha ndipo uitie chumvi iliyobaki sufuriani kwa ajili ya wengine. Uchachu na nyama iliyokolea rangi huuridhisha ulimi kiasi kwamba wengi hawagundui kilichopungua. Vipande vya kukaanga umpe visivyonyunyiziwa chumvi. Ikiwa daktari wake amemwekea pia masharti kuhusu potasiamu kwa sababu ya figo, mwonyeshe kwanza orodha ya vitu hivi, kwa maana maharage, nyanya na parachichi vina potasiamu nyingi.

Supu ikibaki, usiiache jikoni usiku kucha kwa kudhani kwamba imefunikwa. Kwa joto letu, maharage yenye nyama huanza kuchacha haraka. Yaingize kwenye friji ndani ya saa mbili, katika vyombo vipana ili yapoe upesi, na kesho uyachemshe mpaka yatokote kabla ya kula. Utaona yamekolea zaidi. Usipokuwa na friji, pika kiasi cha siku hiyo tu. Na ukiwa na friji lenye sehemu ya kugandishia, siku ya kuchemsha maharage chemsha kilo nzima, ugawe katika mifuko pamoja na maji yake na uigandishe, ili siku nyingine supu hii iwe kazi ya chini ya saa moja.